Kampuni ya Kimarekani Ndani ya China: Mwongozo Kamili, Kuanzia Jina Hadi Siku ya Kufunga

Mkataba wa Kichina haumaliziki kwa saini. Mkishakubaliana, karani hukusanya kurasa zote, huzitandaza kidogo pembeni kama mtu anayefungua karata mkononi, kisha hugonga muhuri mwekundu juu ya kingo zote kwa mpigo mmoja. Kila ukurasa unabaki na kipande chembamba cha muhuri. Atakayechomoa ukurasa wa saba na kupachika mwingine ataumbuka, maana vipande havitakutana tena. Halafu muhuri mzima hugongwa penye jina la kampuni. Saini ya kalamu uliyoizoea Houston au Minneapolis, hapo ni nyongeza.

Nimeanza na muhuri makusudi. Wanaoingia China na kampuni ya Kimarekani hujiandaa kwa mambo makubwa, ushuru na mivutano ya marais, na ni kweli mambo hayo yanauma. Lakini nyingi ya hasara zinazoepukika hutokana na karatasi ndogo: jina lililochelewa kusajiliwa, leseni isiyotaja shughuli unayofanya, muhuri uliolala kwenye droo ya mtu asiye sahihi.

Ndugu zetu wengi walioko Marekani wameshafika Guangzhou na Yiwu kununua mzigo. Kununua mzigo ni jambo moja. Kufungua kampuni, kuajiri na kuuza kule ni jambo jingine kabisa. Na ukiwa na kampuni iliyosajiliwa Texas, au hati ya ukaazi wa kudumu ya Marekani, sheria za Washington zinakufuata hadi Shenzhen hata kama pasipoti yako ni ya Tanzania au Kenya. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hapa huna hiari: unashika Beijing, unashika Washington, na hakuna unaloruhusiwa kuliachia.

Hatua ya 1: Hakikisha Marekani yenyewe inakuruhusu

Watu hukimbilia kuuliza China inataka nini. Geuza mpangilio huo, kwa sababu kuna biashara ambazo zimeshakufa kabla hujakata tiketi.

Chukua jina la Kichina la kila mteja, msambazaji na mbia, ulitafute kwenye orodha za vikwazo za Wizara ya Biashara na Wizara ya Fedha za Marekani. Utafutaji ni bure mtandaoni. Huawei iliingizwa kwenye orodha ya Wizara ya Biashara Mei 2019, na tangu hapo mamia ya kampuni za China zimeifuata. Usiishie kwenye jina la kampuni. Angalia nani anamiliki hisa. Septemba 2025 Marekani ilitangaza kwamba kampuni inayomilikiwa asilimia 50 au zaidi na walioorodheshwa nayo inabanwa, kisha Novemba ikaisimamisha kanuni hiyo kwa mwaka mmoja. Kusimamishwa si kufutwa. Fanya kazi kama vile ipo.

Pili, fedha. Tangu tarehe 2 Januari 2025, Wizara ya Fedha ya Marekani inazuia au inataka taarifa za uwekezaji katika chipu, kompyuta za kwanta na akili mnemba nchini China. Kanuni hiyo inamgusa raia, mwenye ukaazi wa kudumu, na hata mtu yeyote aliyepo ndani ya Marekani. Programu ndogo ya akili mnemba unayotaka kuanzisha na rafiki yako wa Hangzhou inaweza kuangukia humo.

Tatu, kama utaleta bidhaa Marekani, fuatilia malighafi hadi chanzo. Sheria ya kuzuia kazi ya kulazimishwa ya Wauyghur, iliyoanza kutekelezwa tarehe 21 Juni 2022, inachukulia kwamba chochote chenye kitu kutoka Xinjiang, eneo lao la kaskazini-magharibi mwa China, kimetengenezwa kwa kulazimishwa, mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Pamba, nyanya na malighafi ya paneli za sola ndivyo vilivyomulikwa mwanzo.

Hatua ya 2: Sajili jina lako kabla hujamwonyesha mtu bidhaa

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. China inampa alama ya biashara aliyetangulia kusajili. Kwamba umelitumia jina hilo Atlanta kwa miaka kumi, kwa kawaida hakuhesabiki.

Apple ililipa dola milioni 60 mwaka 2012 kwa kampuni ya Proview ili kupata jina iPad ndani ya China. Michael Jordan alipambana kwa miaka na kampuni ya michezo iliyosajili Qiaodan, yaani jina lake kwa Kichina, na Mahakama ya Juu ya Watu ilimpa ushindi Desemba 2016 kwa baadhi tu ya alama alizopinga. Hao ni watu wenye mawakili wa kutosha. Wewe mwenye makontena matatu ya viatu huwezi kupigana vita hiyo.

Anza hivi. Omba usajili kwa mamlaka ya hakimiliki ya viwanda ya China, ijulikanayo kama CNIPA, moja kwa moja kupitia wakala au kwa mfumo wa Madrid, ule wa kimataifa wa kuombea nchi nyingi kwa ombi moja. Ukiwa umeshaomba Marekani, una miezi sita ya kudai tarehe ileile nchini China. Chagua madaraja ya bidhaa kwa uangalifu, kwa sababu China hugawanya kila daraja katika vikundi vidogo: unaweza kuwa umelindwa kwenye nguo na ukawa wazi kwenye viatu. Usajili hudumu miaka 10, lakini jina lisilotumika miaka mitatu mfululizo linaweza kufutwa mtu akiomba, kwa hiyo tunza ankara na picha za bidhaa sokoni.

Sajili pia jina la Kichina, na ulichague mwenyewe. Coca-Cola wana Kekou Kele, maneno yanayobeba utamu na furaha pamoja. Usipochagua, wateja watakubatiza. Viagra ya Pfizer iliitwa Weige mitaani, "kaka mkubwa", jina lililopendwa kuliko lile rasmi. Mtu mwingine akalisajili, na Pfizer ikashindwa kulipata hadi mahakama ya juu.

Hata kama hutauza hata pea moja ndani ya China, na unatengeneza tu na kusafirisha, sajili. Forodha ya China hukagua pia mizigo inayotoka. Anayemiliki jina lako kule anaweza kuomba kontena lako lizuiwe bandarini kwa madai kwamba wewe ndiye mwigaji. Ukiwa wewe ndiye mwenye alama, iandikishe forodha, nao wakusaidie kukamata bandia.

Hatua ya 3: Soma orodha ya makatazo, kisha chagua umbo la kampuni

Sheria ya Uwekezaji wa Kigeni iliyoanza tarehe 1 Januari 2020 ilifuta sheria tatu za zamani na kuweka kanuni moja: kisichokuwa kwenye orodha ya makatazo, mgeni anakifanya kama mwenyeji. Toleo lililoanza tarehe 1 Novemba 2024 lina vipengele 29, na kwa viwanda hakuna kizuizi hata kimoja kilichobaki. Uchimbaji wa madini adimu, uuzaji wa tumbaku, shule za elimu ya lazima na vyombo vya habari bado vimefungwa kwa wageni. Huduma nyingi za mawasiliano na intaneti zina ukomo wa hisa.

Mlango huu ulifunguka kidogo kidogo. Kwa miaka mingi mtengenezaji wa magari wa kigeni alilazimika kuwa na mbia wa Kichina. Tesla ilipoanza ujenzi Shanghai Januari 2019, ilikuwa ya kwanza kumiliki kiwanda chake peke yake. Lakini kuruhusiwa kwenye orodha si sawa na kupewa vibali. Chakula, dawa, vifaa tiba, usafirishaji: kila kimoja kina leseni yake na ofisi yake.

Maumbo ni matatu. Ofisi ya uwakilishi ni nyepesi, lakini haiwezi kuuza wala kutoa ankara, na wafanyakazi wa Kichina inawapata kupitia wakala wa ajira. Inafaa kuchungulia soko tu. Kampuni inayomilikiwa na mgeni kwa asilimia 100, ambayo kila mtu kule huiita wofe, ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi, kwa sababu maamuzi na siri zinabaki kwako. Ubia una maana pale mwenzako anapoleta kitu usichoweza kukinunua: viwanja, mtandao wa maduka, uzoefu wa kasi ya soko. Starbucks, iliyofungua Beijing Januari 1999, ilinunua hisa za wabia wake wa mashariki mwa China kwa dola bilioni 1.3 mwaka 2017, halafu Novemba 2025 ikakubali kuuza hadi asilimia 60 ya biashara yake ya China kwa Boyu Capital, kampuni ya uwekezaji ya Kichina. Ushindani wa wenyeji ulikuwa umebana kuliko sheria yoyote.

Wengine huweka kampuni ya Hong Kong katikati. Inarahisisha kuuza hisa baadaye, na kodi ya gawio inaweza kushuka kutoka asilimia 10 hadi 5, ila iwe na shughuli za kweli. Sanduku la posta halitamridhisha mtu wa kodi.

Hatua ya 4: Leseni, mtaji, mwakilishi wa kisheria na mihuri

Leseni ya biashara ni karatasi moja yenye namba ya tarakimu na herufi 18 na msimbo wa kuchanganua kwa simu. Mstari wa kuusoma mara tatu ni ule wa wigo wa biashara. Ukiandika "ushauri" na baadaye ukataka kuuza mashine, itabidi ubadilishe usajili kwanza. Andika kwa upana unaoruhusiwa tangu siku ya kwanza.

Zamani watu walijaza mtaji mkubwa ili waonekane wazito, wakiahidi kuulipa baada ya miaka thelathini. Sheria ya Kampuni iliyoanza tarehe 1 Julai 2024 inataka uulipe wote ndani ya miaka mitano. Piga hesabu ya kodi ya pango, mishahara na mzigo wa mwaka mmoja na nusu hivi, uandike hiyo. Kidogo mno nako ni tatizo: pesa zikiisha, kuingiza nyingine kama mkopo au mtaji mpya kuna taratibu za Mamlaka ya Fedha za Kigeni.

Mwakilishi wa kisheria si cheo cha heshima. Ni mtu mmoja ambaye anachofanya kwa jina la kampuni kinaifunga kampuni. Kampuni ikishindwa kesi na isilipe, anaweza kuzuiwa kupanda ndege na treni za mwendo kasi, na katika migogoro ya biashara ambayo haijaisha anaweza kuzuiwa kutoka nchini. Usimpe shemeji wa rafiki yako wadhifa huu kwa sababu tu anaishi karibu na ofisi ya usajili.

Sasa mihuri. Kuna muhuri mkuu wa kampuni, wa fedha, wa ankara, wa mikataba na wa jina la mwakilishi wa kisheria. Huchongwa na kuandikishwa polisi. Mwenye muhuri mkuu anaweza kukopa, kufukuza, kukodi na kushtaki kwa niaba yako. Bodi ya Arm China, kampuni ya ubia ya Arm, kampuni ya chipu ya Uingereza, ilipiga kura Juni 2020 kumwondoa mkuu wake. Hakuondoka. Muhuri na usajili vilikuwa upande wake, na mgogoro ukavuta hadi 2022. Kama bodi ya kampuni kubwa namna ile ilisubiri karibu miaka miwili, wewe jihesabie.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Muhuri mkuu akae nao mtu mmoja, wa fedha mwingine, na mwakilishi wa kisheria asishike vyote viwili. Kuwe na daftari: tarehe, hati gani, nakala ngapi, nani ameomba, nani ameidhinisha. Kila hati iliyogongwa ipigwe picha siku hiyohiyo. Muhuri usitoke ofisini kwenda kwa wakala "kwa saa moja tu". Wakala alete hati. Benki ya mtandaoni nayo hutumia vifaa viwili vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta, kimoja cha kuandaa malipo na kingine cha kuidhinisha. Mtu mmoja akiwa navyo vyote, huna udhibiti hata ukiwa na ripoti nzuri kila mwezi.

Hatua ya 5: Kodi na kutoa faida

Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 25; kampuni za teknolojia ya juu zilizothibitishwa hulipa 15. Kodi ya ongezeko la thamani ina viwango vya 13, 9 na 6. Ankara rasmi ya kodi, fapiao, ndiyo inayotawala: matumizi yasiyo na fapiao kwa kawaida hayaondolewi kwenye mapato yanayotozwa kodi. Tangu Desemba 2024 mfumo wa fapiao za kidijitali umeenea nchi nzima, kwa hiyo ofisi ya kodi inaona mauzo yako karibu muda uleule unaoyaona wewe.

Gawio halitoki kila unapotaka. Unafunga mwaka, unakaguliwa, unakamilisha kodi ya mwaka kabla ya tarehe 31 Mei, unaweka asilimia 10 ya faida kwenye akiba ya kisheria mpaka ifike nusu ya mtaji, ndipo unagawa. Malipo mengi ya huduma kwenda nje yanayozidi dola 50,000 yanahitaji taarifa ya kodi kabla benki haijayapitisha. Ripoti ya mwaka kwa mamlaka ya soko hupelekwa kati ya Januari na Juni. Ukiisahau, jina la kampuni linawekwa hadharani kwenye orodha ya wakosaji, na wateja huangalia.

Hatua ya 6: Wafanyakazi

Mmarekani aliyezoea kumwambia mtu "kesho usije" atapata somo ghali. Mkataba wa maandishi lazima uwepo ndani ya mwezi mmoja, la sivyo unadaiwa mshahara mara mbili. Baada ya mikataba miwili ya muda maalumu, mfanyakazi kwa kawaida ana haki ya mkataba usio na kikomo. Kumwachisha kunahitaji sababu iliyotajwa na sheria, na fidia ya kawaida ni mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Ukikosea, inakuwa maradufu. Michango ya hifadhi ya jamii na ya nyumba hutofautiana mji kwa mji na inaongeza sana gharama, hivyo uliza hesabu ya mji wako, si ya Shanghai.

Wewe mwenyewe usifanye kazi kwa viza ya biashara. Pata kibali cha kazi, viza ya Z ambayo ndiyo ya kazi, na kibali cha ukaazi, na ujiandikishe polisi ndani ya saa 24 ukikaa nje ya hoteli.

Kuhusu zawadi: keki za mwezi wakati wa sikukuu ya vuli ni adabu, bahasha nyekundu yenye pesa kwa afisa ni kosa la nchi zote mbili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 dhidi ya rushwa nje ya nchi inamhesabu hata daktari wa hospitali ya serikali kama afisa, na China nayo haichezi: GSK, kampuni ya dawa ya Uingereza, ilitozwa faini ya yuan bilioni 3 mwaka 2014 kwa rushwa.

Hatua ya 7: Data, na taarifa unazokusanya

Tovuti inayohifadhiwa ndani ya China lazima iwe na namba ya usajili. Utaiona imeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya kila tovuti ya Kichina. Isipokuwepo, mwenye seva ataizima.

Sheria ya data binafsi ya Novemba 2021 inagusa kutuma data Marekani. Kanuni za Machi 2024 zililegeza mambo: ukituma nje data isiyo nyeti ya watu wasiofika 100,000 kwa mwaka, na huendeshi miundombinu muhimu, huhitaji utaratibu maalumu wa kuitoa. Kati ya hapo na milioni moja unatumia mkataba wa mfano au cheti. Ukizidi, unatathminiwa na mamlaka ya mtandao. Data nyeti, kama za afya au za fedha, hubanwa mapema zaidi. Kampuni kubwa zimeamua kutopambana: Apple ilihamishia iCloud ya watumiaji wa China bara kwa kampuni ya Guizhou mwaka 2018. Kwa mdogo, ushauri wangu ni kupunguza unachokusanya. Data usiyokuwa nayo haina ripoti.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uchunguzi wa kibiashara. Machi 2023 ofisi ya Beijing ya Mintz Group, kampuni ya Kimarekani inayochunguza wabia na wasambazaji, ilivamiwa na wafanyakazi watano wa Kichina wakashikiliwa. Mwezi uliofuata polisi waliwahoji wafanyakazi wa Bain, kampuni ya ushauri ya Kimarekani, huko Shanghai. Sheria ya kupambana na ujasusi iliyopanuliwa ikaanza tarehe 1 Julai mwaka huohuo, nayo inagusa hati na data zozote zinazohusu usalama na maslahi ya taifa. Aliyeshikiliwa si bosi wa New York. Ni mfanyakazi wa Kichina. Kabla ya kumtuma mfanyakazi wako kuhoji watu kuhusu kiwanda, ramani, jeshi, au Xinjiang, kaa na wakili wa huko, na ukiwa na shaka usimtume.

Hatua ya 8: Kuishi kati ya amri mbili

PVH, wenye Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ndio mfano ninaoutaja kwa kila anayeniuliza. Marekani inakataza pamba ya Xinjiang. China ikafungua uchunguzi Septemba 2024 ikidai kampuni hiyo inaisusia pamba hiyo isivyo haki, na tarehe 4 Februari 2025 ikaiingiza kwenye orodha ya wasioaminika, pamoja na Illumina, ambayo mwezi uliofuata ilikatazwa kuuza China mashine zake za kusoma vinasaba. Ukitii huku, unashtakiwa kule.

Njia ya kupita ipo, ni nyembamba. Andika sera ya ununuzi inayotumika dunia nzima, isiyotaja jimbo wala nchi. Badilisha wasambazaji kwa sababu za bei, ubora na ufuatiliaji, zilizoandikwa kwenye kumbukumbu. Barua pepe za wafanyakazi wa China zisibebe hukumu za kisiasa kutoka makao makuu. Na mawakili wa pande zote mbili wasome rasimu ileile.

Kwa ushuru, usipange bei kwa kiwango cha leo. Aprili 2025 ushuru mpya wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145, na wa China 125. Tarehe 12 Mei, Geneva, ukashushwa hadi 30 na 10. Mtu aliyekuwa na kontena baharini wiki zile aliona faida ya mwaka ikiyeyuka na kurudi bila yeye kunyanyua kidole. Weka kwenye mkataba nani anabeba ushuru ukipanda meli ikiwa njiani. Bidhaa yako ikiwa na sumaku au mota, uliza pia madini adimu yanatoka wapi, kwa kuwa China ilianza kudai leseni za kusafirisha aina saba tarehe 4 Aprili 2025, na viwanda vya magari vya Marekani vikahisi upungufu ndani ya wiki chache.

Hatua ya 9: Migogoro, na kufunga

Hukumu ya mahakama ya Ohio ni kazi ngumu kuitekeleza China. Tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa wasuluhishi, ina njia, kwa sababu China ni mwanachama wa Mkataba wa New York, unaotambua tuzo za nchi nyingine, tangu 1987. Chagua Hong Kong, Singapore au CIETAC, tume ya usuluhishi wa biashara ya China iliyoko Beijing, utaje lugha na sheria itakayotumika. Kwa kiwanda kinachotengeneza bidhaa yako, mkataba wa siri uwe kwa Kichina, chini ya sheria ya China, uzuie pia kutumia mchoro wako na kukuruka kwenda kwa wateja wako, na utaje kiasi cha fidia kwa yuan. Mwenye kiwanda anayejua mali zake zinaweza kuzuiwa na mahakama ya mji wake husoma mkataba kwa makini zaidi.

Na ikifika siku ya kuondoka, usiondoke usiku. Kampuni iliyotelekezwa humfuata mwakilishi wake wa kisheria kwa miaka. Lipa wafanyakazi, tangaza kwa wadai siku 45, maliza na ofisi ya kodi, ambayo ndiyo hula muda mrefu, kisha forodha na leseni. Pesa zilizobaki zirudishwe nyumbani kabla akaunti haijafungwa. Mihuri iwe ya mwisho kabisa kufutwa polisi, kwa sababu mpaka karatasi ya mwisho ya benki, bado kuna mtu nyuma ya kaunta atakayekuomba uigonge.